Trimu ya mlango wa gari: inavyofunguliwa na inavyorudishwa, kwa sisi tunaouza spea mtandaoni

Leo nataka tuongelee kitu ambacho wauzaji wengi wa spea mtandaoni tunamwachia fundi, halafu kikiharibika hasara inarudi kwetu. Ni kufungua trimu ya mlango wa gari na kuirudisha.

Kwa ambaye hajaelewa, trimu ni lile paneli unaloliona ukifungua mlango wa gari kwa ndani. Lina kitasa cha kufungulia, lina pa kuegemeza mkono, lina swichi za vioo, mara nyingine lina na spika. Ukiuza mota ya kioo, regulata, loki ya mlango, spika za mlangoni au swichi ya pawa windo, lazima mtu afike eneo hilo ndo mzigo wako ufungwe. Na hapo ndo ugomvi mwingi unapoanzia. Mteja anapiga simu, "kaka mzigo wako mbovu", ukija kufuatilia mzigo mzima, aliyefungua mlango ndo kavuruga.

Piga hesabu. Tuseme swichi umeuza 35,000, faida yako humo ni 8,000. Mteja yuko Mbeya, amerudisha, basi linachaji 5,000 kuja na wewe kumtumia nyingine ni 5,000 tena. Faida imeshaondoka na umeongeza 2,000 ya mfukoni, bado hujahesabu bodaboda wa kwenda stendi. Na huyo mteja kwenye grupu lao la WhatsApp la wenye IST ameshaandika kwamba unauza vimeo. Ndo maana nasema hiki kitu kijue, hata kama hutashika bisibisi maisha yako yote.

Mimi chuo cha ufundi sijapita. Nimemaliza form four nikaanza kuuza kwa simu, na haya nimeyapata kwa kusimama pembeni ya mafundi Ilala na Gerezani, na kwa kufungua mwenyewe milango ya mtumba ninayonunua ili niuze vilivyomo ndani. Kwa hiyo nitaongea lugha yetu.

Kwanza elewa trimu inashikwa na nini. Vitu vitatu. Kuna skrubu chache, mara nyingi mbili au tatu, na zote zimefichwa. Kuna klipu za plastiki zimezunguka pembeni na chini, zimeingia kwenye matundu ya bati la mlango. Halafu juu kabisa, pale kioo kinapoingilia, trimu imening'inia kwenye ukingo wa bati kama hanga ya nguo. Ukiyajua hayo matatu utaelewa kwanini utaratibu ni mmoja karibu kwa magari yote: skrubu kwanza, klipu zifuate, mwisho unanyanyua kwenda juu. Anayeanza kuvuta kabla hajamaliza skrubu ndo anayepasua plastiki.

Skrubu zinapojificha. Ya kwanza huwa nyuma ya kitasa cha ndani, kuna kifuniko kidogo kama ukucha, unakichokoa kwa kitu chembamba kinatoka. Ya pili huwa ndani ya kile kishimo unachoshika kuvutia mlango, nayo mara nyingi ina kifuniko au imefunikwa na kipande cha swichi. Nyingine inaweza kuwa kwenye kona ya mbele juu, nyuma ya kile kipande cha pembetatu upande wa saidi mira. Kuna magari yana skrubu hata ukingoni mwa mlango au chini kwenye kimfuko cha kuwekea vitu. Kila gari lina lake. Kanuni ninayowapa wateja ni moja: ukivuta sehemu moja ikagoma wakati jirani zake zimeachia, usiongeze nguvu, tafuta skrubu.

Vifaa havina gharama. Bisibisi ya nyota, spana namba 10 kwa gari zenye bolti hapo, na kijiti cha plastiki cha kuchokolea. Hivi vijiti vinauzwa kwa seti na kama unauza spea nakushauri uwe navyo, vinatoka sana pamoja na oda ya klipu. Asiye nacho azungushie bisibisi bapa solotepu ya umeme ili isichubue. Nimeona fundi anatumia mpini wa mswaki aliouchonga kwa kisu, na kazi inaenda vizuri kuliko yule mwenye bisibisi tupu.

Kabla ya yote funga kioo mpaka juu, zima gari, toa waya wa hasi wa betri. Hapa watu wengi wanapuuza, wanasema ni mlango tu. Gari za sasa zina eabegi za pembeni, nyingi ziko kwenye siti, ila kuna magari ambayo sensa yake iko ndani ya mlango, na kuna mengine eabegi yenyewe iko mlangoni. Toyota kwenye vitabu vyao vya ufundi wanataka usubiri angalau sekunde 90 baada ya kutoa betri ndo uguse vitu vya eabegi. Dakika na nusu siyo kitu. Na usiwashe swichi ya gari wakati soketi ya eabegi imechomolewa, taa ya eabegi itawaka kwenye dashibodi na mteja atasema swichi yako ya 35,000 imemharibia gari.

Sasa kuchokoa. Paneli ya swichi kwanza. Kwenye Toyota nyingi ndogo inanyanyuka kwa kuchokolewa upande mmoja, halafu unachomoa soketi kwa kubonyeza kile kiulimi. Usivute waya, shika soketi yenyewe. Kama ulichouza ni swichi peke yake na gari ni la namna hii, mara nyingi mteja ameshamaliza hapo, trimu nzima haihitaji kutoka. Mwambie mapema! Kuna watu wanalipia ufundi wa mlango mzima kwa kazi ya dakika tano.

Kama trimu inatoka yote, anzia chini, kwenye kona. Ingiza kijiti kati ya trimu na bati, kisogeze mpaka uguse klipu, chokoa ukiwa umeikaribia klipu yenyewe. Ukichokolea katikati ya klipu mbili, unakunja trimu bure. Ya kwanza ikishalia "pop", ingiza vidole na endelea na inayofuata ukipanda juu upande mmoja, kisha upande mwingine. Zikishaachia zote shika trimu kwa mikono miwili unyanyue wima kwenda juu mpaka itoke kwenye ukingo wa kioo.

Usiivute mbali. Bado imeshikwa na kebo za kitasa na nyaya. Wengi kwenye hatua hii wanafurahi, wanavuta, wanakata. Iegemeze kwenye goti, piga picha ya nyuma yake kwa simu, halafu ndo utoe kebo. Kwa kawaida ziko mbili, moja ya kufungulia mlango na nyingine ya loki, na kila moja ina kichwa kidogo kinachokaa kwenye tundu la kitasa na ganda linalobana kwenye mfereji wake. Unatoa ganda kwanza halafu unageuza kichwa kinatoka. Picha uliyopiga ndo itakuambia ipi inarudi wapi.

Gari zenye kioo cha kuzungusha kwa mkono, mfano hiace na pikapu nyingi za kazi, zina kitu kimoja cha ziada: kile kishikio cha kuzungushia. Hakina skrubu. Kimebanwa na springi ndogo yenye umbo kama kiatu cha farasi, iko nyuma, katikati ya kishikio na trimu. Chukua kipande cha kitambaa kigumu, kipitishe nyuma ya kishikio, kishike ncha mbili na ukivute huku na huku kama unayesugua viatu. Kitambaa kinanasa springi inatoka. Weka mkono mwingine kuizuia maana inaruka, na ikirukia mchangani sahau. Kama unauza vishikio vya kuzungushia, weka springi ya akiba kwenye kifuko, mteja hatokusahau.

Nyuma ya trimu utakuta nailoni imebandikwa kwa gundi nyeusi laini kama bazoka iliyotafunwa. Hapa niwashike kidogo, kwa sababu hii nailoni ndo chanzo cha malalamiko mengi kuliko hata klipu.

Watu wanadhani ile nailoni ni ya kiwandani tu, kama ile ya kwenye siti mpya, kwamba kuitupa siyo shida. Siyo hivyo. Mvua ikinyesha, maji yanashuka na kioo yanaingia ndani ya mlango. Hilo ni la kawaida, mlango umetengenezwa hivyo, na chini una matundu ya kuyatoa. Nailoni ndo ukuta unaozuia hayo maji yasije upande wa abiria. Ukiichana au ukaibandika hovyo, maji yanapita nyuma ya trimu yanashukia kwenye kapeti. Mteja anafungiwa spika mwezi wa kiangazi, hana neno. Masika ikifika kapeti imelowa, gari linanuka ukungu, trimu zile zenye ubao wa nyuzi kwa ndani zinavimba na kuachia klipu. Anakumbuka nani? Anakumbuka aliyemuuzia spika.

Kwa hiyo nailoni ifunguliwe taratibu, siyo kwa kuinyofoa. Jua likiwa limewaka gundi inalainika inavutika. Ikiwa baridi pitisha kisu chembamba katikati ya gundi, ukate gundi, siyo nailoni. Fungua sehemu unayohitaji tu. Usishike ile gundi kwa vidole vyenye vumbi na usiruhusu vumbi la gereji likae juu yake, kwa sababu hiyo hiyo gundi ndo inarudi kubandika, haikauki. Ikibaki vipande kwenye rangi, chukua donge la gundi hiyo hiyo uligandishe ganda-toa, ganda-toa, linaokota vyote.

Kama gundi imeshachoka, kuna ya kununua ya mkanda mweusi, inaitwa butili. Ni bidhaa nzuri ya kuuza pamoja na spika. Kitu nisichokipenda ni mafundi kupaka silikoni ya madirisha. Ile silikoni yenye harufu ya siki, inapokauka inatoa asidi, na asidi na bati la mlango siyo marafiki. Pili, siku mwingine akitaka kufungua tena lazima achane nailoni. Na wakati wa kurudisha, ukingo wa chini wa nailoni uingizwe kwenye ule mfereji wa bati kama ulivyokuwa, ili maji yaangukie ndani ya mlango siyo nje yake. Ukiwa hapo pitisha waya kwenye yale matundu ya chini, mengi yanakuwa yameziba na tope. Gari ambalo ukifunga mlango unasikia maji yanacheza, ndo hilo.

Kama regulata au mota inatoka, kioo kifungwe kwa solotepu pana kwenye fremu ya juu, pande zote mbili. Kioo kikiachiwa kinashuka chenyewe na vidole viko humo ndani. Kwa wanaouza spika: mwambie mteja ashushe kioo chote, kisha apime kina kutoka bati mpaka kwenye kioo kabla hajalipia. Spika yenye sumaku ndefu inakaa vizuri kioo kikiwa juu, kikishushwa kinaigonga. Inchi 6 na nusu ni upana tu, haisemi chochote kuhusu kina. Mimi kwenye kila posti ya spika naandika upana na kina, na maswali ya "itaingia kwenye gari langu?" yamepungua.

Tuje kwenye kurudisha. Hapa ndo mafundi wana haraka kwa sababu mteja kasimama na jua linawaka.

Klipu kwanza. Trimu ikitoka, baadhi ya klipu zinabaki kwenye bati badala ya kutoka na trimu. Zitolewe zote kwenye bati kwa plaizi, zirudishwe kwenye vikalio vyake nyuma ya trimu, ndipo trimu irudi. Ukiiacha klipu kwenye bati ukagandamiza trimu juu yake, unavunja kikalio. Na kikalio ni kesi kubwa kuliko klipu. Klipu unanunua, kikalio ni sehemu ya trimu yenyewe. Kikishavunjika, hapo mlango unaanza kulia kwe-kwe-kwe barabara ya vumbi. Wengi wanakimbilia supa gluu, lakini trimu nyingi ni plastiki aina ambayo supa gluu haishiki, leo imeganda kesho imeachia. Njia inayodumu ni kuyeyusha plastiki kwa plastiki, kwa kile chuma cha moto cha fundi redio, ukitumia kipande cha plastiki ya aina ile ile.

Klipu zilizofifia rangi, zilizopasuka mguu au zilizopoteza kile kisponji cha mviringo, zisirudi. Kisponji siyo urembo, kinaziba tundu maji na vumbi visipite.

Halafu kebo za kitasa na soketi zote zirudi kabla trimu haijaning'inizwa. Sukuma soketi mpaka isikike "tak". Unganisha betri, ujaribu kila kitu trimu ikiwa bado haijagandamizwa: kioo juu, kioo chini, loki, saidi mira. Na jaribio moja ambalo nalipenda kuliko yote: mlango ukiwa WAZI, sukuma ule ulimi wa loki ukingoni mwa mlango kwa bisibisi mpaka ufunge, kama vile mlango umefungwa. Kisha vuta kitasa cha ndani. Ulimi ukiachia, kebo iko sawa. Rudia kwa kitasa cha nje. Ukiwa haujaachia, umejua tatizo mlango ukiwa bado wazi. Yule aliyeubamiza mlango bila kujaribu, na kebo haikukaa, na kitasa cha nje nacho kina shida, atafungua mlango uliofungwa na trimu iko ndani. Sitaki hata kuwaelezea hiyo kazi. Ila kumbuka, ukimaliza kujaribu hakikisha ulimi umeachia kabla ya kufunga mlango, la sivyo utagonga chuma kwa chuma.

Mwisho ning'iniza trimu juu kwanza, kwenye ukingo wa kioo, ukiangalia raba ya kioo isikunjwe na kile kidude cha loki, kama kipo, kipite kwenye tundu lake. Kisha kila klipu iangalie na tundu lake, piga kwa kiganja cha mkono moja moja. Siyo ngumi. Klipu ikiwa sawa inaingia na sauti yake. Isiyoingia imepinda, itoe uiangalie. Skrubu zifuate, zikazwe kwa mkono tu maana zinaingia kwenye plastiki.

Baada ya betri kutolewa, gari zenye kioo cha kupanda chenyewe kwa kubonyeza mara moja zinaweza kusahau, na kwenye baadhi taa ya swichi inaanza kuwaka-waka. Mara nyingi dawa yake ni kufunga kioo mpaka juu huku umeshikilia swichi, na kuendelea kushikilia sekunde chache baada ya kufika. Hii iandike kabisa kwenye meseji unayomtumia mteja. Mteja mmoja wa Morogoro alishaifunga swichi kwenye boksi anairudisha, ujumbe wa mistari miwili ukaokoa nauli.

Na kabla hujakubali mzigo urudi, uliza maswali mawili. La kwanza: kile kitufe cha kuzuia vioo kwenye upande wa dereva, kimebonyezwa? Kikiwa kimebonyezwa swichi za abiria hazifanyi kazi hata uweke mpya kumi. Fundi akiwa anajaribu-jaribu vitufe anakibonyeza bila kujua. La pili, kama lalamiko ni mlango wa nyuma haufunguki kwa ndani: kale kaswichi ka loki ya watoto kaliko ukingoni mwa mlango, kako upande gani? Mtu anapofuta mlango wazi kwa kitambaa anakasogeza. Fundi anafungua trimu mara ya pili kutafuta kebo ambayo haina tatizo, anavunja klipu nyingine tatu.

Sasa biashara ya klipu zenyewe. Ni bidhaa ndogo, nyepesi, haiozi, inasafiri kwenye bahasha, na kila mlango unaofunguliwa unakula chache. Zinavunjika kwa sababu plastiki inazeeka na joto, gari letu la mtumba lina miaka kumi na tano au ishirini na limeshinda juani. Zinavunjika zaidi asubuhi ya baridi, watu wa Njombe, Makete na Mbeya mnanielewa. Gari liachwe juani nusu saa kwanza, plastiki inakuwa laini. Klipu mpya za nailoni zikiwa ngumu sana, zichovye kwenye maji ya moto dakika chache kabla ya kuzifunga, zinanyumbulika.

Kosa ninaloliona kwenye posti nyingi ni kuandika "klipu za Toyota" na picha moja. Toyota wana klipu za mlango za aina nyingi. Anachohitaji mnunuzi ni upana wa mguu unaoingia kwenye tundu, upana wa kichwa kinachokaa kwenye kikalio, na urefu. Tundu la milimita 8 siyo la 9, klipu itaingia lakini itacheza. Nunua kalipa ya bei ndogo, pima, piga picha klipu ikiwa juu ya rula. Mwombe mteja atume picha ya ile iliyovunjika ikiwa kwenye rula vile vile. Fungasha 10 au 20 kwenye kifuko, siyo moja moja. Anayehitaji tatu leo atavunja mbili wakati anafunga.

Kwa wale mnaouza trimu nzima za mtumba, uliza namba ya chesesi kabla ya jina la gari. "IST" haitoshi. IST ya kwanza, ya 2002 mpaka 2007, ni NCP60, NCP61 na NCP65, na iliyofuata ni gari jingine kabisa kwa upande wa mlango. Vitz ya SCP10 na ya SCP90 haziazimani trimu. Kwenye kile kibati cha gari kuna maandishi COLOR na TRIM yenye namba, hiyo ya TRIM ndo inahusu rangi za ndani. Mteja akituma picha ya kibati umemaliza ubishi wa "nilidhani ni kijivu kilichoiva zaidi".

Angalia pia gari lilikotoka. Trimu ya gari la Japani ina usukani kulia kama letu, mlango wa mbele kulia ndo wenye swichi nne. Trimu iliyotolewa kwenye gari la Dubai ni ya usukani kushoto, mlango wa mbele kulia ni wa abiria, una tundu la swichi moja. Kwenye picha zinafanana! Andika "mbele kulia, upande wa dereva", na upige picha upande wa nyuma pia, kila kikalio kionekane. Mnunuzi anayejua anaangalia nyuma kwanza. Kama kimoja kimevunjika kizungushie alama nyekundu kwenye picha na upunguze bei, itauzika tu, tena haraka.

Kusafirisha: trimu haivunjiki kwa kuanguka, inavunjika kwa kukaliwa na magunia. Toa klipu zote zilizobaki uziweke kwenye kifuko, maana zikibaki nyuma zinagandamizwa na kung'oa vikalio njiani. Trimu mbili zitazamane nyuso kwa nyuso na blanketi kuukuu au boksi katikati, nje boksi gumu pande zote, kamba mara mbili. Andika kwa maka kubwa kwamba isiwekewe mzigo juu, na mwambie kondakta kwa mdomo pia, maana maandishi hayo hakuna anayeyasoma stendi saa kumi alfajiri. Mimi naomba iwekwe wima, imeegemea ukuta wa buti, na napiga picha ikiwa hapo ndani kabla basi halijaondoka. Picha hiyo natuma kwa mteja pamoja na namba ya basi.